Kurekebisha Frikwensi ya Mpaka katika Kichujio cha Besi

Mbagala, kama ilivyo katika vitongoji vingine vya Dar es Salaam, fundi redio huombwa mara kwa mara kuitenga besi ili iende kwenye spika kubwa peke yake. Chombo kinachotenga frikwensi za chini na za juu ni kichujio. Kikiundwa kwa rezista, kapasita na amplifaya, huitwa kichujio tendaji.

Frikwensi ya mpaka ni ile ambayo volti zitokazo hushuka hadi 0.707 ya kiwango chake cha kawaida, yaani nguvu hubaki nusu. Tuutazame mzunguko uliochapishwa na wahandisi Sallen na Key wa Marekani mwaka 1955. Una rezista mbili na kapasita mbili. Rezista zikilingana, kapasita zikilingana, na amplifaya ikikuza mara 1.586, basi:

f = 1 ÷ (2πRC)

R ikiwa kilo-omu 16 na C mikrofaradi 0.1, f ni karibu hertz 100. Ukipunguza R kwa nusu, f huongezeka maradufu.

Hapa ndipo penye hatari. Rezista zote mbili sharti zibadilishwe pamoja na kwa kiasi kilekile. Ukipunguza ile ya kwanza peke yake, iliyo upande wa kuingilia, kanuni hii haitumiki tena, na besi iliyo karibu na mpaka huanza kufifia mapema. Kwa hiyo tumia voliumu pacha, yaani mbili zenye mhimili mmoja. Kila moja iwe ya kilo-omu 10, nayo iunganishwe mfululizo na rezista ya kilo-omu 8.2. Mpaka utahama kati ya hertz 87 na 194 hivi, bila kuharibu umbo la kichujio.

Tena, umeme wetu wa Tanzania una hertz 50. Mvumo wake husikika kwenye hertz 50 na 100. Kichujio cha besi hakiwezi kuuondoa bila kuiondoa besi yenyewe. Dawa yake ni kusafisha umeme wa kuendeshea amplifaya, si kushusha mpaka.

Zoezi: C ikiwa mikrofaradi 0.1, tafuta R itakayoweka mpaka kwenye hertz 160. (Jibu: karibu kilo-omu 10.)