Safari ya Muuguzi: Kutoka Kidato cha Nne Hadi Leseni

Usiku wa manane, mama mjamzito anapofikishwa katika zahanati ya kijiji akiwa na uchungu, mara nyingi anayempokea ni muuguzi. Yeye ndiye hupima shinikizo la damu, husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kujaza chati ya maendeleo ya uchungu. Mtoto akishazaliwa, humpa mama sindano ya oksitosini ndani ya dakika moja ili kuzuia damu kutoka kupita kiasi. Chati ikionyesha kuwa uchungu hauendelei ipasavyo, yeye ndiye anayepaswa kutambua mapema ili mama apewe rufaa. Kazi hiyo huhitaji moyo wa huruma, lakini huruma pekee haitoshi. Huhitaji elimu na leseni.

Vijana wengi wanaitamani taaluma hii, ila si wote wanaofahamu njia ya kuifikia. Wapo wanaogundua baada ya mtihani kuwa masomo waliyoyaacha ndiyo yaliyohitajika, na wapo wazazi wanaolipa ada katika vyuo visivyotambuliwa.

Masomo ya msingi

Ili kujiunga na mafunzo ya Uuguzi na Ukunga katika ngazi ya cheti au stashahada, mhitimu wa Kidato cha Nne anatakiwa kuwa na ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza huongeza nafasi ya kuchaguliwa. Hivyo, mwanafunzi anayeacha Fizikia na Kemia anapoingia Kidato cha Tatu hujifungia mlango huu miaka miwili kabla ya mtihani wa mwisho. Mzazi anashauriwa kuketi na mtoto wake pamoja na mwalimu wa taaluma kabla uamuzi huo haujafanyika.

Ngazi za elimu

Mafunzo ya cheti huchukua miaka miwili na ya stashahada miaka mitatu. Vyuo vinavyotoa ngazi hizi husimamiwa na NACTVET. Shahada huchukua miaka minne na hutolewa na vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mhitimu wa shahada hufanya pia mafunzo ya utarajali kwa mwaka mmoja.

Katika utumishi wa umma, mwenye cheti huitwa Muuguzi, mwenye stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada huitwa Afisa Muuguzi. Aliyeanza na cheti hajafika mwisho wa safari. Anaweza kujiendeleza hadi stashahada, kisha akaomba shahada endapo wastani wake unakidhi vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Maeneo ya ubobezi

Katika zahanati, muuguzi hufanya kazi nyingi kwa siku moja: chanjo, kliniki ya wajawazito na watoto, uzazi wa mpango, kufunga vidonda na kuzalisha. Katika hospitali kubwa majukumu hugawanyika. Wapo wauguzi wa chumba cha upasuaji, wa wagonjwa mahututi, wa watoto wachanga, wa saratani, wa usafishaji damu kwa wagonjwa wa figo, na wa afya ya akili. MUHAS hutoa shahada za uzamili katika maeneo kama uuguzi wa wagonjwa mahututi na afya ya akili.

Baraza, chama na umoja wa wafanyakazi

Vyombo hivi huchanganywa mara kwa mara, ingawa kila kimoja kina kazi yake. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC) hufanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Husajili wauguzi na wakunga, hutoa leseni na kusimamia maadili. Cheti cha chuo pekee hakimruhusu mhitimu kuhudumia wagonjwa. Sharti asajiliwe na awe na leseni hai. Mwananchi asiyetendewa kwa mujibu wa maadili anaweza kuwasilisha malalamiko katika Baraza hilo.

Chama cha Wauguzi Tanzania (TANNA) huendeleza taaluma na kuwa sauti ya wauguzi, nacho ni mwanachama wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi lililoanzishwa mwaka 1899. Wakunga nao wana chama chao, TAMA. Masuala ya mishahara na haki za kazi hushughulikiwa na vyama vya wafanyakazi, kikiwemo TUGHE.

Kabla ya kulipa ada

Mzazi ahakikishe mambo matatu. Kwanza, chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET au kutambuliwa na TCU, na kozi yenyewe iwe katika mwongozo wa udahili wa mwaka husika. Pili, malipo yafanyike kwa akaunti au namba ya malipo ya chuo, kamwe si kwa mtu binafsi anayedai kuwa wakala. Vishoka huvizia msimu wa udahili. Tatu, aulize wanafunzi hufanya mafunzo ya vitendo katika hospitali ipi, kwa kuwa uuguzi haujifunzwi darasani pekee.

Kijana aliye Kidato cha Pili leo anaweza, baada ya miaka michache, kuwa ndiye anayempokea mama yule usiku wa manane. Maandalizi yake yanaanza na somo la Kemia la kesho asubuhi.