Dawa Zilizobaki Nyumbani: Ninavyozitoa Hapa Kapata

Hapa Kapata, Kolwezi, hakuna nyumba isiyo na dawa zilizobaki. Mtoto akipona malaria, sirapu inabaki nusu chupa. Baba akibadilishiwa dawa za presha, zile za kwanza zinasukumwa juu ya kabati. Majirani wa avenyu yetu huniita wanapotaka kuzitoa, basi naandika ninavyofanya.

Ninazimwaga zote kwenye sinia, natafuta tarehe. Hapo ndipo penye kazi. Dawa nyingi tunazinunua rejareja: muuzaji anashika mkasi, anakata vidonge vinne kwenye plaketi ya kumi, na tarehe ya mwisho inakwenda na kipande cha mteja mwingine. Kidonge kisicho na jina wala tarehe nakihesabu kimekwisha muda. Sirapu ya unga iliyokwisha kutiwa maji, kama amoksisilini, haikai zaidi ya siku 7 hadi 14, hata boksi likionyesha mwaka ujao. Zile ambazo bado ni nzima hazigawiwi jirani. Ugonjwa wake si wako.

Zilizokwisha muda zikishatengwa, nazipeleka kituo cha afya na kumwomba muuguzi mkuu azipokee. Sindano nazitia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kamwe si kwenye sashe. Hospitali yenye tanuri la joto la nyuzi 1200 kwenda juu inaweza kuziteketeza vizuri. Isiyo nalo ina njia nyingine, iliyomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999: dawa zinajazwa kwenye pipa hadi robo tatu, kisha linamiminwa rojo la chokaa, simenti na maji, likagande.

Kituo kikikataa, nafanya kwa kipimo kidogo nyumbani. Navaa glavu au sashe mkononi. Natoa vidonge kwenye plaketi bila kuviponda, maana vumbi lake linaingia puani. Navitia kwenye kopo la plastiki, namimina na sirapu, naongeza mchanga na simenti, nakoroga kwa kijiti mpaka iwe kama udongo wa kukandika ukuta. Likishakauka, nalifunika na kulizika kwenye shimo refu, mbali na kisima na mbali na mahali mvua inapopitisha maji. Maboksi nayachana na majina nayafuta, kwa sababu wapo wanaoyaokota na kuyatia dawa bandia.

Msitupe dawa chooni wala mtaroni. Maji ya choo yanazama ardhini, na visima vyetu vinachota humo humo. Ya mtaroni yanatafuta mto Lualaba. Tayari tuna mzigo wa migodi: mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha kwamba watu wa mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, hasa watoto, wana kobalti nyingi mkojoni na damuni. Inaniuma kuona tunaongeza antibiotiki juu ya hayo. Vijidudu vinavyoishi ndani ya dawa kidogo kidogo vinajifunza kuihimili, na mwaka 2019 ukinzani huo ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Wala msizichome kwenye mbabula. Moto wa makala hauna joto la kuziharibu. Unatoa moshi wenye sumu ya plastiki, tena pale pale mama anapopikia bukari. Kopo la dawa ya pumu lenye hewa iliyobanwa linalipuka. Na zikitupwa nzima jalalani, watoto wanaookota chuma na chupa ndio wa kwanza kuzikuta, na vidonge vya rangi wanavidhania peremende.

Kilichopunguza zaidi dawa nyumbani kwangu ni kununua kwa hesabu. Namwuliza mwenye farmasi: ni vidonge vingapi, kwa siku ngapi? Nalipia hivyo tu, na dozi inamalizwa.

Wenye farmasi wa Kolwezi na Kapata, nawaomba: wekeni sanduku moja la kufuli karibu na meza yenu, mkubaliane na hospitali nani atalichukua likijaa. Majirani wako tayari kuleta.