Dondoo muhimu: Sufuria ya kurithisha wajukuu

Ukienda kununua sufuria sokoni Keroka au Nyamira mjini, kumbuka itasongewa ugali wa wimbi, kazi inayoumbua bati jembamba.

1. Bonyeza kitako kwa vidole gumba vyote viwili; kikibonyea, irudishe.
2. Ipime uzito mkononi, usihadaiwe na mng'aro.
3. Iweke mezani: ikiyumba hapo, jikoni itakusumbua zaidi.
4. Ya vishikio? Chagua vya ribiti. Vya skrubu hulegea, vya plastiki huungua kwenye kuni.
5. Ukinunua na chungu, kigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, mlio uliofifia ni ufa.
6. Usimwagie maji baridi sufuria ya moto, kitako hujipinda.
7. Chinsaga (mboga za mgagani) za maziwa zisilale kwenye sufuria ya alumini, zihamishie chunguni.