Mafunzo ya Ubingwa wa Radiolojia: Jinsi Daktari Anavyofundishwa Kusoma Picha

Wagonjwa wengi hudhani kwamba mashine ya siti skani ndiyo inayotoa jibu. Ukweli ni kwamba mashine hutoa picha tu. Jibu hutolewa na daktari anayeisoma. Katika hospitali za kufundishia, msomaji wa kwanza wa picha hiyo mara nyingi ni daktari aliye bado katika mafunzo ya ubingwa wa radiolojia. Makala haya yanaeleza jinsi anavyofundishwa na kusimamiwa, na namna mgonjwa na mhudumu wa afya wanavyoweza kumsaidia asikosee.

Njia ya kuufikia ubingwa

Nchini Tanzania, daktari husoma shahada ya kwanza ya udaktari kwa miaka 5, hufanya utarajali kwa mwaka 1, ndipo huweza kusomea shahada ya uzamili ya radiolojia kwa miaka 3. Katika kipindi hicho hupita kwa zamu kwenye eksirei, ultrasaundi, siti skani, MRI na uchunguzi wa matiti. Hujifunza pia fizikia ya mionzi, kwa kuwa hapaswi kuidhinisha kipimo bila kupima faida yake dhidi ya mionzi atakayoipata mgonjwa. Pale ambapo ultrasaundi, isiyotumia mionzi ya aina hiyo, inatosha, siti skani haina sababu.

Kutazama si kuona

Somo gumu kuliko yote ni utaratibu wa kusoma. Chukua mfano wa majeruhi wa pikipiki aliyepigwa eksirei ya kifua. Daktari mwanafunzi anaona ubavu uliovunjika, anaridhika kuwa amepata sababu ya maumivu, na anaishia hapo. Kumbe pembeni mwa pafu kuna mstari mwembamba unaoonyesha kwamba hewa imevuja na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa hiyo ikiongezeka huweza kulibana pafu na moyo, na mgonjwa akafariki asipotibiwa upesi. Ubavu umeonekana; hatari yenyewe imepita machoni.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi huzoezwa kufuata mpangilio uleule kwa kila picha: njia ya hewa, mapafu, moyo, kiwambo, mifupa, kisha pembe zote za picha. Kuona kasoro ya kwanza ni sababu ya kuendelea kutafuta, wala si ya kuacha.

Zamu ya usiku

Usiku, daktari huyo huweza kuandika ripoti ya awali, na bingwa huipitia na kuithibitisha baadaye. Bingwa akiona jambo tofauti, ripoti husahihishwa na daktari anayemtibu mgonjwa hupaswa kuarifiwa mara moja. Mgonjwa anayeitwa arudi hospitali kwa sababu hiyo asikawie. Wito huo unaonyesha kwamba usimamizi unafanya kazi yake.

Yako pia majibu yasiyongoja karatasi. Damu iliyovuja ndani ya fuvu hutolewa taarifa kwa simu, kwa sauti, papo hapo. Aidha, mwanafunzi hufundishwa kutamka neno linalowashinda wengi: “Sina hakika.” Kumwamsha bingwa saa 9 usiku ni sehemu ya kazi, na kunyamaza kwa aibu huweza kugharimu uhai.

Mchango wa mhudumu na mgonjwa

Fomu ya kuomba kipimo iliyoandikwa “maumivu ya tumbo” pekee haimsaidii msomaji. Ikiandikwa “maumivu ya chini kulia kwa siku 2, homa na kutapika”, msomaji atakichunguza kidole tumbo kwa makini zaidi. Mhudumu aandike pia swali analotaka lijibiwe, pamoja na namba ya simu anayopatikana.

Mgonjwa naye aseme kabla ya kipimo iwapo ni mjamzito au huenda akawa mjamzito, ana ugonjwa wa figo, au amewahi kudhurika na dawa inayodungwa mshipani ili picha ionekane vyema. Alete picha zake za zamani pamoja na ripoti zake. Doa lililokuwapo miaka kadhaa bila kubadilika huwa na maana tofauti na doa jipya, na bila picha ya zamani, hata bingwa hawezi kuitambua tofauti hiyo.