Watoro Waliopokewa Tena

Mji wa Ujiji uko pwani ya Ziwa Tanganyika, mwendo mfupi kutoka Kigoma. Zamani, kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, Ujiji ndio uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo. Huko zililetwa nguo na shanga na waya, na kutoka huko zilichukuliwa pembe za ndovu, pamoja na watu waliofungwa minyororo. Hata leo ipo nguzo ya ukumbusho mahali pale ambapo Daktari David Livingstone alikutana na Henry Stanley mwaka 1871, na watoto wa Ujiji huijua habari ile tangu udogo. Lakini iko habari nyingine ya watu wawili waliokaa na Livingstone Ujiji, nayo haisimuliwi sana. Watu hao ni Chuma na Susi.

Chuma alikuwa Myao. Alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa alipokuwa bado kijana mdogo, akawa anaswagwa njiani pamoja na wenzake, hata mwaka 1861 Livingstone na Askofu Mackenzie wakawakuta katika milima ya Shire, wakawakata kamba. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, penye mto Zambezi. Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866, hao wawili walikuwa miongoni mwa watu wake.

Safari ile ilikuwa ya taabu tangu mwanzo. Mwaka ule ule wa 1866 watu wa Nzwani, pamoja na mkubwa wao Musa, walimtoroka, wakarudi Unguja na kusema kwamba bwana wao amekwisha kuuawa. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka porini, wakachukua sanduku la dawa. Nguo zikiibwa hununuliwa nyingine, lakini dawa za homa zingenunuliwa wapi katika pori lile? Livingstone alijua kwamba huenda kupotea kwa sanduku lile kukawa ndiyo hukumu ya kufa kwake. Na hata hivyo, alipokaa kuandika habari za siku ile, aliwatafutia wezi wake udhuru. Aliandika kwamba watu wale waliuzwa utumwani tangu utoto, na utumwa ni shule mbaya mno ya kujifunzia uaminifu. Mtu aliyeibiwa, na hasira zake bado moto, ni mara chache kukumbuka kwamba mwizi wake naye aliwahi kudhulumiwa.

Basi, mwaka 1868 likatokea jambo la Chuma na Susi. Msafara ulikuwa upande wa Ziwa Mweru, na watu wote walikuwa wakitazamia kwenda Ujiji, kuliko chakula na mapumziko. Livingstone akageuza shauri lake. Alitaka kurudi kusini kwanza, aende kulitazama Ziwa Bangweulu, katika nchi ya mabwawa na maji ya kiunoni. Siku ya kuondoka watu wake wakakataa. Walioandamana naye walikuwa watano tu. Chuma hakuwamo, wala Susi hakuwamo. Yule aliyekatwa kamba shingoni alimwacha bwana aliyemkata kamba, akabaki kijijini.

Je, Livingstone alisema nini? Alisema kwamba moyoni mwake hakuwalaumu sana, kwa kuwa walichoka kwa kutembea, na yeye mwenyewe pia alikuwa amechoka. Akaenda na wale watano, akafika Bangweulu mwezi wa Julai. Aliporudi mwishoni mwa mwaka, watoro walimjia tena, wakitaka kupokewa. Akawapokea wote. Akaandika katika kitabu chake kwamba yeye naye anayo makosa yake.

Labda mwanafunzi mwenye akili kali atasema: Hakuwa na njia nyingine, maana mtu mmoja hawezi kusafiri bila wapagazi. Neno hilo lina kweli ndani yake, wala si vema kulificha. Livingstone aliwahitaji. Lakini iko namna ya kumpokea mtu kwa kuwa unamhitaji, huku ukimkumbusha kosa lake kila mnapokula. Mvuvi wa Kibirizi aweza kumrudisha mtumbwini ndugu yake aliyemwibia wavu, kwa kuwa hana mtu mwingine wa kupiga kasia, na kila usiku wa dagaa akamwuliza mbele ya wenzake, ‘Leo je, utaiba tena?’ Hapo ndugu amerudishwa mtumbwini tu. Yusufu alipowapa ndugu zake nafaka kule Misri hakufanya hivyo. Aliwatoa watu wengine wote nje kwanza, ndipo akajitambulisha kwao, wasije wakatahayari mbele ya wageni. Tena mtu asemaye, ‘Mimi nami nina makosa,’ hana nafasi ya kumsimanga mwenziwe.

Mwanzo wa mwaka 1869 Livingstone akaugua kifua, asiweze hata kusimama. Mfanya biashara mmoja Mwarabu, jina lake Mohamad Bogharib, akamfanyia kitanda cha kuchukuliwa na watu mabegani, akamleta hata pwani ya Tanganyika. Kutoka hapo wakapanda mitumbwi, na siku ya 14 Machi 1869 wakafika Ujiji.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba 1871, alirudi Ujiji tena kutoka nchi ya Manyema, amekonda, hana kitu. Alitumaini kukuta mali yake aliyoletewa kutoka Unguja. Lakini aliyekabidhiwa mali ile, jina lake Sherifu, alikuwa amekwisha kuiuza yote kwa pembe na watumwa. Alipiga ramli, akasema ameona kwamba Livingstone amekufa. Livingstone alikaa barazani, akawatazama watumwa wa Sherifu wakipita kutoka sokoni na vyakula vizuri vilivyonunuliwa kwa mali yake. Kisha Sherifu akaja mwenyewe kumpa mkono, bila haya, kana kwamba hakuna neno. Livingstone akakataa kumpa mkono. Sherifu akaendelea kuja asubuhi na jioni kumsalimu, mpaka akaambiwa kwamba salamu zake hazitakiwi.

Hapa tusimpake Livingstone sifa asizostahili. Bwana wetu hakuagiza tuwapende adui zetu wale tu watubuo, na mkono wa salamu si kitu kikubwa. Lakini tusimhukumu upesi pia. Watoro wa mwaka 1868 walirudi wakijua kwamba wamekosa. Sherifu hakuja kuomba radhi, alikuja kutaka jambo lifunikwe. Mtu aweza kuacha kisasi, aweza hata kumpa chakula mwenye njaa aliyemdhulumu, na hata hivyo asikubali kusema kwamba wizi haukuwa wizi. Livingstone hakumlipiza Sherifu, ila alipeleka malalamiko yake Unguja kwa barua, kwa balozi. Ni katika siku zile zile za dhiki Mwarabu mwingine wa Ujiji, Said bin Majid, alipomjia peke yake, akataka kuuza pembe zake ampe yeye nguo. Mji ule ule, na biashara ile ile, ulikuwa na mtu mwenye moyo wa namna ile. Siku chache baadaye Susi akaja mbio kutoa habari kwamba Mwingereza anakuja, naye ndiye Stanley.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, siku ya 1 Mei 1873. Hakuwapo mzungu hata mmoja wa kuwaamuru watu wake. Wangaliweza kumzika pale pale, na kugawana vitu vyake, na kwenda zao. Wala hakuna mtu ambaye angewalaumu. Chuma na Susi, waliokuwa watoro miaka mitano kabla, ndio walioongoza shauri la kumchukua mpaka pwani. Moyo wake wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala na kuchora jina katika mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga katika gome la mti na nguo.

Walipofika Unyanyembe, walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawapa shauri wamzike hapo. Wakakataa. Mbele, penye Kasekera, wenyeji wakakataa maiti isipite katika nchi yao. Basi wakafanya mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, wakaufunga kama maiti, wakawatuma watu waurudishe Unyanyembe mbele ya macho ya wote. Watu hao walipofika porini wakayatupa mabua huku na huku. Na mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita salama. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi kama tisa. Mwili ulizikwa London, katika kanisa la Westminster, siku ya 18 Aprili. Chuma na Susi hawakuwapo maziko hayo. Walipelekwa Uingereza baadaye, mwaka ule ule, nao wakasaidia kueleza maandiko ya bwana wao ili kitabu chake kipigwe chapa.

Chuma alikufa Unguja mwaka 1882. Susi aliishi mpaka mwaka 1891. Alibatizwa mwaka 1886, na jina alilopewa ni Daudi, ndilo David, jina la bwana wake.