Fundi, Shingo Niachie

Kwenye viti vya vinyozi wa Darajani, Zanzibar, nywele zikishakatwa mara nyingi hufuata kukandwa. Mabega hayana neno. Hatari iko pale mikono inapokamata kidevu na kisogo, ikakizungusha kichwa kwa ghafla ili shingo ialike. Usingoje ifike hapo. Unapokaa tu kitini, sema: "Fundi, mabega tu, shingo niachie."

Kila upande wa shingo unapita mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani, ateri ya karotidi. Tawi lake la ndani limezungukwa na wavu wa neva nyembamba zinazopanda nalo, na baadhi huishia kwenye jicho, ambako huinua kope na kupanua mboni. Shingo ikisokotwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa ateri unaweza kuchanika. Damu ikapenya kati ya tabaka zake, ukuta ukavimba, neva zikaumia. Damu hiyo ikiganda na kipande kikachukuliwa hadi ubongoni, ni kiharusi, hata kwa kijana. Haitokei mara nyingi, lakini sioni raha ya mlio mmoja inayostahili hatari hiyo.

Dalili zaweza kuja baada ya saa au siku kadhaa: maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo, uso au kichwa, kope lililoshuka kidogo upande huohuo, mboni iliyo ndogo kuliko mwenzake. Johann Friedrich Horner, daktari wa macho wa Uswisi, aliieleza hali hii ya jicho mwaka 1869. Ni rahisi kuidhania usingizi. Basi funga madirisha, chumba kiwe na giza kidogo, mtu akutazame: mboni nzima itapanuka, iliyoathirika itabaki ndogo. Linganisha pia na picha zako za zamani, maana wapo waliozaliwa na mboni zisizolingana.

Ukiziona dalili hizi, usirudi kukandwa wala kuchuliwa mafuta. Nenda hospitali ya Mnazi Mmoja siku hiyohiyo, hata kama unatoka Nungwi au Makunduchi, na umwambie daktari wazi kwamba shingo ilizungushwa. Usipomwambia, huenda akashughulikia jicho peke yake. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa apelekwe papo hapo, na anayempeleka aikumbuke saa dalili zilipoanza. Hilo huamua tiba gani bado inawezekana.