Somo la Kumi na Tisa: Kumpiga Picha Bundi

Jioni, giza linapoanza kuingia chini ya migomba, watoto wa Buganguzi, Wilaya ya Muleba, husikia sauti ya bundi. Wako wanaokimbilia ndani. Wako wanaookota mawe. Wewe chukua daftari na kalamu, kisha utulie.

Bundi tutakayemchunguza ni yule mweupe kifuani, mwenye uso wa umbo la moyo. Mchana hulala katika shimo la mti mkubwa au darini, na usiku huwinda panya. Macho yake makubwa hukusanya hata mwanga hafifu, lakini hayawezi kuzunguka kama yako. Akitaka kutazama nyuma, sharti ageuze shingo. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko la pili, hivyo husikia panya na kujua mahali alipo hata gizani. Kingo za manyoya ya mabawa yake ni laini mno. Ndiyo sababu akiruka husikii kitu.

Kamera, kama jicho, huhitaji mwanga. Je, mpiga picha atafanyaje? Haanzi na kamera. Huanza kwa kutazama chini! Bundi humeza panya mzima. Mifupa na manyoya ya panya hayasagiki tumboni, kwa hiyo huyatapika yakiwa donge moja. Ukiona madonge mengi chini ya mti, huenda bundi analala juu yake. Mpiga picha hujenga kibanda cha maficho kwa majani makavu ya migomba, mbali kidogo na mti, akakiacha siku kadhaa mpaka bundi akizoee. Kisha huingia humo kabla ya jua kuchwa, akamsubiri bundi atoke wakati mwanga ungalipo. Taa kali hamwelekezei machoni.

Usikaribie kiota chenye makinda. Mwaka 1937, huko Wales, Mwingereza Eric Hosking alikuwa akirudi gizani kwenye kibanda chake cha maficho. Bundi alimrukia bila sauti, akamchoma jicho la kushoto kwa kucha. Madaktari walilazimika kuling'oa. Hosking aliendelea kupiga picha za ndege kwa miaka mingi, bundi wakiwamo.

Lakini bundi hudhuriwa na watu zaidi kuliko anavyowadhuru. Hufa akila panya waliokula sumu. Tena huuawa kwa kuwa husemwa kwamba analeta kifo. Hebu fikiri. Bundi hulia kumwita mwenzake au kulinda eneo lake. Mgonjwa akifa usiku huo, watu hukumbuka kwamba bundi alilia. Usiku mwingine mwingi aliolia, na watu wote wakaamka salama, nani aliuhesabu?

Kazi ya kufanya

Huna kamera? Chora. Loweka donge moja katika maji ya vuguvugu, ulifumue kwa kijiti, uhesabu mafuvu ya panya. Nawa mikono kwa sabuni.

Kisha, kwa muda wa mwezi mmoja, andika tarehe ya kila usiku uliomsikia bundi. Kando yake andika habari ya kijijini ya kesho yake, njema au mbaya. Andika pia habari za siku zilizofuata usiku ambao hukumsikia. Mwisho wa mwezi leta daftari lako darasani tulinganishe.